Gari Lenye Ugonjwa wa Jumatatu

Gari langu lilikuwa na ugonjwa wa Jumatatu. Kuanzia Jumanne mpaka Jumamosi ukizungusha ufunguo stata inapiga, injini inashika, safari inaanza. Jumatatu alfajiri, saa ambayo mtu wa Tabata anatakiwa awe ameshapita Buguruni kabla foleni haijaganda, unasikia tki-tki-tki chini ya boneti, taa za dashibodi zinafifia, kisha kimya. Jirani yangu alishazoea. Anatoka na waya za kubusti mswaki ukiwa bado mdomoni, hasemi neno, anafungua boneti yake na mimi nafungua yangu.

Ni Toyota Mark II, GX100 ya mwaka 1998, injini ya 1G-FE, silinda sita kwenye mstari mmoja, lita mbili. Ni gari zito, tulivu barabarani, linakunywa mafuta bila aibu. Ni otomatiki, kwa hiyo habari ya kusukuma haipo. Nililinunua kwa kijana mmoja aliyependa sana muziki. Shikilieni hiyo habari ya muziki, tutaihitaji mbele.

Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu moja. "Dada, hiyo betri imechoka. Weka mpya, sahau." Muuza betri alisema hivyo, fundi wa injini akasema hivyo, hata dereva wa bajaji aliyesimama tu kuangalia alisema hivyo. Na kibaya zaidi, ukifuata ushauri huo utaona kama umefanya kazi. Betri mpya ina akiba ya kutosha, inavumilia. Baada ya miezi kadhaa inaanza kulegea nayo, kwa sababu betri ya risasi na asidi haipendi kulala njaa. Kila inapoachwa bila chaji, chumvi ya salfeti inajijenga kwenye sahani zake za ndani, inakuwa ngumu, na sehemu hiyo ya sahani haifanyi kazi tena. Kwa hiyo kinachonyonya moto, yaani umeme wa betri, kwenye gari kinaua betri ya kwanza, kinaua ya pili, halafu mwenye gari anatangaza kwamba betri za siku hizi zote ni feki. Feki zipo, sikatai. Ila nyingi zinazolaumiwa ziliuliwa na gari lenyewe.

Kabla ya kununua chochote nilikaa na ile Jumatatu kichwani. Kwa nini Jumatatu, si Alhamisi? Jumamosi jioni nikirudi sokoni gari linaegeshwa, na Jumapili silitumii, kanisani naenda kwa miguu. Linalala tangu Jumamosi saa mbili usiku mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, saa 34. Siku nyingine linalala saa kumi, kumi na moja. Kama alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, ingekuwa haichaji vizuri, gari lingezidi kudhoofika kadiri wiki inavyosonga, na siku mbaya ingekuwa Ijumaa. Kama betri ndiyo iliyokufa, ingegoma siku yoyote. Gari linalogoma baada ya kupumzika tu lina kitu kinachokula wakati wewe umelala.

Hata hivyo betri na alteneta hazikwepi kupimwa, maana gari kuukuu linaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja. Mita ya umeme ya kawaida, ile ya manjano inayopangwa mezani pale Kariakoo, haifikii hata robo ya bei ya betri. Nilipeleka betri kwa wachajishaji, ikachajiwa usiku kucha, kisha nikaiweka sakafuni nyumbani bila kuunganishwa na kitu. Kesho yake jioni ilisoma volti 12.6. Hiyo ni betri nzima. Ingekuwa 12.2 ningejua imebaki kama nusu, na chini ya 12 ni karibu tupu. Ikisoma 10.5 hivi hata baada ya kuchajiwa, usihangaike: betri ina seli sita, kila moja ina volti mbili na kidogo, na hapo seli moja imeshaondoka. Yangu ilikuwa safi. Joto la Dar huifanya betri yoyote ipoteze chaji yenyewe haraka kuliko kwenye nchi ya baridi, lakini ni upotevu wa wiki nyingi, hauwezi kuimaliza Jumapili moja.

Alteneta nayo: gari linawaka, mita kwenye vichwa vya betri, volti 14.2. Washa taa kubwa, washa kiyoyozi, washa feni mpaka mwisho, ikashuka mpaka 13.7 na kutulia. Inatosha. Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wetu wengi wanakiruka. Alteneta inazalisha umeme wa kwenda na kurudi, na dayodi zake ndizo zinazougeuza uende upande mmoja. Dayodi ikipasuka, gari linaweza kuendelea kuchaji kiasi mchana, halafu usiku moto wa betri ukarudi kinyumenyume kupitia dayodi hiyohiyo na kupotelea ndani ya alteneta. Weka mita kwenye volti za umeme wa kwenda na kurudi gari likiwa linawaka. Ikipita nusu volti, mshuku huyo. Yangu ilikuwa chini sana.

Hapa naomba niseme jambo kwa ukali. Ipo tabia ya kupima alteneta kwa kuchomoa tamino, kile kishikio cha waya kwenye nguzo ya betri, gari likiwa linawaka: likizima alteneta mbovu, lisipozima nzima. Hiyo ilikuwa ya zama za kabureta. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaruka juu kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho kinatosha kuunguza kompyuta ya injini. Fundi akikaribia tamino zako na spana injini ikiwa inanguruma, mshike mkono.

Nikaenda kwa fundi umeme mmoja mtu mzima anayefanya kazi chini ya mwarobaini karibu na kituo cha daladala. Hana mashine ya kusoma kompyuta, ana meza, testa, na kopo la fyuzi. Nilimweleza habari ya Jumatatu, akacheka, halafu akatoa balbu ya breki aliyoiunganishia waya mbili.

"Toa hasi," akamwambia kijana wake.

Tamino hasi ikatolewa. Waya mmoja wa balbu ukashikwa kwenye nguzo ya betri, mwingine kwenye tamino iliyochomolewa, ili moto wowote unaotaka kupita upite kwanza kwenye balbu. Milango imefungwa, ufunguo upo mfukoni mwangu. Balbu ikawaka, rangi ya machungwa, hafifu lakini ya kuonekana mchana.

"Mama, ipo inayokula," akasema. "Na inakula vizuri."

Naipenda njia ya balbu. Haiungui, haidanganyi, na ukikosea ukaleta shoti inawaka tu kwa nguvu zaidi. Upungufu wake ni kwamba haina namba. Kitu kinachokula kidogo kidogo hakiiwashi kabisa, ila kinaweza kumaliza betri ukisafiri wiki mbili. Kwa hiyo baada ya balbu tuliweka mita yangu mahali hapohapo, waya mwekundu umehamishiwa kwenye tundu lililoandikwa 10A. Ukiuacha kwenye tundu la miliampea, fyuzi ya ndani ya mita inakatika mara moja. Na ukishaunganisha hivyo usiguse ufunguo kabisa. Stata inavuta zaidi ya ampea mia moja, na zote zitataka kupita kwenye mita yako.

Kile kitufe cha mlangoni kinachowasha taa ya ndani tulikibana kwa tepu ili tuweze kuacha mlango wazi na gari liamini umefungwa. Kisha tukasubiri. Gari la umri huu linatulia haraka. Magari mapya yana kompyuta nyingi zinazochukua nusu saa au zaidi kulala, na ukipima kabla hazijalala utamfukuza mtu asiye na kosa. Mita ilitulia kwenye ampea 1.14.

Gari linapolala ni haki yake kula kidogo. Saa ya dashibodi, kumbukumbu ya redio, kumbukumbu ya kompyuta ya injini: zote pamoja zisizidi ampea 0.05, basi. Sasa piga hesabu. Betri yangu ni ya saizi ya NS60, ampea-saa 45. Ichukulie kama simtanki la lita 45 ambalo bomba lake linavuja lita 1.14 kila saa. Usiku mmoja wa kawaida zinaondoka kama lita 12, na asubuhi bado kuna nguvu ya kupiga stata. Saa 34 za Jumapili zinaondoa karibu 39. Ndiyo maana Jumatatu.

Fundi alitaka kuanza kuchomoa fyuzi moja moja huku kijana akiangalia mita. Ndivyo inavyofanyika gereji zote, na kwa gari la 1998 inakubalika. Ila kuna njia isiyogusa kitu, nikamwomba tuijaribu kwanza. Fyuzi hizi bapa zina vidoti viwili vya chuma vilivyo wazi kwa juu. Fyuzi yenyewe ni waya mwembamba, ina ukinzani mdogo sana, na moto ukipita ndani yake volti kidogo mno inapotea kati ya vidoti hivyo. Weka mita kwenye milivolti, gusa kidoti hiki na kile. Sifuri maana yake hapapiti kitu. Fyuzi ya ampea 10 inayopitisha ampea moja itasoma milivolti kama 7 au 8. Tukazipitia zote chini ya boneti, kila moja na jina lake: HORN sifuri, ALT-S sifuri, EFI namba ya kuyumbayumba isiyofika moja. DOME, karibu 8.

Mzee alichukua mita, akarudia mwenyewe. Akarudia tena. "Hii nzuri," akasema, na kwa muda mrefu hakunirudishia.

Fyuzi ya DOME kwenye Toyota za miaka ile inalisha zaidi ya taa ya juu ya kichwa. Humo mna taa ya buti, saa, na ule moto wa kudumu wa redio. Kwa hiyo kupata fyuzi ni kupata mtaa, nyumba bado. Tulipoichomoa kuhakikisha, mita ilishuka kutoka 1.14 mpaka 0.09. Akilini nikaandika: hapa pana kubwa, na nje ya hapa pana kidogo kilichozidi.

Taa ya buti tuliimaliza kwa simu. Niliwasha kamera irekodi video, nikaiweka ndani ya buti, nikafunga, nikahesabu kidogo, nikafungua. Kwenye video kifuniko kinashuka, kinafika mwisho, na spea tairi bado inaonekana vizuri. Balbu ya wati 5 ilikuwa imewaka humo ndani usiku na mchana tangu siku nisiyoijua. Sababu ilionekana ukitazama kifuniko kwa upande: gari liliwahi kugongwa nyuma, likanyooshwa na kupigwa rangi safi kabisa, lakini kifuniko hakikurudi sawasawa pale kilipokuwa, na hakikandamizi swichi mpaka mwisho. Aliyenyoosha bodi alifanya kazi yake ya bodi. Habari za swichi hazikuwa kwenye bei. Fyuzi ikarudishwa, balbu ikatolewa, mita: 0.74.

Wengi huishia hapa. Wamepata kosa, wamefurahi, wamelipa, wameondoka, na Jumatatu inayofuata wanarudi kumtukana fundi. Namba ndiyo inayokuzuia kuondoka. 0.74 bado ni mara kumi na zaidi ya inavyotakiwa.

Basi tukafungua dashibodi, na sasa turudi kwa kijana mpenda muziki. Redio iliyokuwemo ni zile zenye kioo kikubwa cha Android. Redio ya namna hii ina waya wa manjano, ambao ni moto wa kudumu wa kutunza kumbukumbu, na waya mwekundu, ambao unapaswa kupata moto pale tu ufunguo unapozungushwa. Mwekundu ndiye anayeiambia redio amka au lala. Kwenye gari langu mwekundu na manjano vilikuwa vimesokotwa pamoja na kufungwa tepu nyeusi. Kwa mpenda muziki ni raha: unakaa na wenzako, ufunguo umeuweka pembeni, ngoma inapiga. Ukizima kwa kitufe kioo kinakuwa cheusi, lakini ndani redio haijalala. Kwa kuwa haijalala, ule waya wa bluu unaoamuru amplifaya iwake nao unabaki na moto saa zote.

Nyuma ya redio kulikuwa na kijisanduku kingine kimefungwa tepu, kikiwa vuguvugu mkononi. Mzee alikijua kwa kukigusa tu. Magari ya miaka ile yanayotoka Japani huja na redio za FM zinazoanzia megahezi 76 na kuishia 90, kwa sababu ndivyo masafa yao yalivyokuwa yamepangwa wakati huo, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo mpaka 108. Kwa hiyo gari likifika huwekewa kipanuzi cha masafa kati ya antena na redio. Redio ya Kijapani iliondolewa zamani, kipanuzi kilibaki, kimedandia moto wa kudumu, kinapanua masafa ya redio ambayo haipo. Pembeni yake kulikuwa na kile kisomaji cha kadi za kulipia barabara za kwao, ambacho kila asubuhi kilikuwa kinanisemesha Kijapani kwa sauti ya kike yenye adabu. Nilikuwa nakituhumu sana. Kilikuwa kimeunganishwa kwa usahihi kabisa, kinalala ufunguo ukitoka. Mjapani hakuwa na deni.

Mzee alitenganisha waya, mwekundu akaupeleka kwenye moto wa ufunguo, kipanuzi akakitupa kwenye kopo. Mita: 0.11.

Tulipoteza muda mwingi kwenye kile kilichobaki, ambacho ndicho kidogo kuliko vyote. Kilikuwa nje ya DOME, na vidoti vya fyuzi havikutuambia kitu cha kueleweka. Mwisho kijana wa fundi, aliyelala chali kwenye pedali na tochi ya simu, akavuta sanduku jeusi la alamu lililofungwa juu ya usukani kwa kamba ya plastiki. Saireni yake haikuwepo. Rimoti sijawahi kupewa. Lakini sanduku lilikuwa linapata moto, limeungwa moja kwa moja kwenye waya mnene wa swichi ya ufunguo uliochunwa, linasubiri rimoti ambayo pengine iko kwenye droo ya mtu Kinondoni au Morogoro. Likatolewa, na waya uliochunwa ukafungwa vizuri. 0.04. Hapo mzee akaweka spana chini.

Kwa ulaji huo gari linaweza kukaa wiki tatu bila kuguswa na betri ikabaki na nusu. Nikisafiri zaidi ya hapo nachomoa tamino hasi, hasi kwanza kila mara, maana spana ikiponyoka kwenye chanya ikagusa bodi utaona cheche za kukutoa jasho. Wapo wanaoweka swichi ya kukata moto na kuizima kila jioni. Kwa gari la kuegesha miezi ni sawa. Kwa gari la kazini ni kukubali kuishi na kosa, huku ukiseti saa upya kila asubuhi na kompyuta ya injini ikianza kujifunza silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, upya kila siku.

Kilichonitisha kuliko vyote hakikuwa kinakula hata miliampea moja. Chini ya zulia kulitokea waya mnene mwekundu uliotoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri, ukapita kwenye tundu la ukuta wa injini bila mpira wa kuukinga, ukaenda mpaka kwenye buti palipokuwa na amplifaya. Amplifaya kijana aliondoka nayo. Waya aliuacha, una moto, ncha yake imefungwa tepu iliyoanza kubanduka, na njia nzima hakuna fyuzi. Siku tepu ile ingeachia kwenye chuma cha buti, mambo ya Jumatatu ningeyasahau kabisa. Ukinunua gari lililowahi kuwa na muziki mkubwa, huo ndio wa kwanza kuutafuta, hata kama betri yako haina shida.

Tangu hapo mita imekuwa ya mtaa. Jirani wa mswaki naye gari lake, la Kijapani la umri uleule, lilianza kumaliza betri ndani ya usiku mmoja, tena betri nzuri. Hatukuhitaji hata kufungua fyuzi. Tulitoka nje saa tatu usiku tukaliangalia kwa nyuma, taa za breki zinawaka na hakuna mtu ndani. Balbu mbili za wati 21 ni ampea tatu na nusu, hakuna NS60 itakayofika asubuhi salama. Kwenye mkono wa pedali ya breki kuna kitundu chenye kifuniko kidogo cha plastiki, na hicho ndicho kinachobonyeza swichi ya taa pedali ikiwa juu. Plastiki ikizeeka inapukutika, pini ya swichi inapenya kwenye kitundu, na gari linaamini umekanyaga breki usiku kucha. Vipande vyake tulivikuta kwenye zulia, vimesagika vizuri. Aliyekuwa ameshamwandikia risiti ya betri mpya alipigiwa simu usiku uleule.